Haki ya Kulisikia Kosa Lako

Kijana anayetaka kujifunza gitaa la besi huuliza kwanza anunue lipi. Linaonekana kuwa swali la bei tu, na wengi hulijibu hivyo: la nyuzi nne au tano, jipya au la mtumba, amplifaya ya wati ngapi. Lakini ndani yake kuna swali ambalo wanafalsafa na watu wa dini wamelihangaikia tangu zamani: kile alicho nacho mtu kinahusiana vipi na jinsi alivyo? Je, kitu ninachokimiliki kinaweza kunifanya niwe mtu ambaye bado sijawa? Majibu mawili hushindana. La kwanza husema uwezo uko vidoleni na kichwani, chombo ni mbao na waya tu, na anayekilalamikia anatafuta kisingizio. La pili husema hakuna awezaye kukizidi chombo chake, kwa hiyo anayetaka kupiga vizuri aanze kwa kununua kizuri. Naona yote mawili yamekosea, tena kwa sababu moja: yanauliza chombo kinampa mwanafunzi nini, badala ya kuuliza mwanafunzi ana haki ya kukidai nini. Mimi nashikilia kwamba anachostahili kudai ni ukweli. Chombo cha kujifunzia lazima kimwambie amekosea pale alipokosea, na kimwambie amepatia pale alipopatia. Kisichofika hapo kinamdhulumu. Kinachopita hapo kinaweza kuwa chema kwa sababu nyingine nyingi, ila kujifunza si mojawapo, na tusikinunue kwa jina hilo.

Nianze na Aristotle, kwa kuwa mfano wake mwenyewe ni wa mpiga nyuzi. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anatenganisha uwezo tunaozaliwa nao, kama kuona, ambao tunao kabla hatujautumia, na uwezo unaokuja kwa kutumiwa tu. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda haki. Watu hupenda kuishia hapo na kuhitimisha kwamba mazoezi ndiyo kila kitu. Yeye hakuishia hapo. Anaongeza kwamba wapigaji wazuri na wapigaji wabaya, wote wametokana na kupiga, na kama isingekuwa hivyo walimu wasingehitajika. Maneno hayo machache ndiyo yanayobeba hoja yangu yote. Mazoezi hayachagui. Kidole kinachorudia kosa kila jioni kinajifunza kosa hilo kwa utiifu uleule ambao kingejifunza usahihi. Kinachowatenganisha wapigaji hao wawili ni kwamba mmoja alisikia alipokosea na mwingine hakusikia. Kazi ya kwanza ya mwalimu, basi, kabla ya kuonyesha lolote, ni kuwa sikio la pili. Lakini wengi wanaoshika besi leo, wawe Dodoma, Bujumbura au Toronto, hujifunza kwa video za kwenye simu, na video haimsikii anayeitazama. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo chombo chake ndiye shahidi pekee aliyebaki chumbani, na shahidi mwongo ni mbaya kuliko kukosa shahidi.

Kwamba kumiliki chombo, hata kukijua chote, si kuwa mpigaji, ushahidi wake uko wazi. Leo Fender, fundi wa redio wa California, ndiye aliyeleta sokoni mwaka 1951 gitaa la Precision Bass, besi ya umeme ambayo urefu wa nyuzi zake, takriban sentimita 86, umekuwa kipimo cha kawaida cha watengenezaji mpaka leo. Alijua kila skrubu na kila mzunguko wa waya kwenye sumaku zake, ila hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Aliwategemea wanamuziki waliompelekea habari za kilichofaa na kisichofaa. Kwa upande mwingine, mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu fahamu na mwili, anamtaja mpiga ogani mzoefu anayeitwa kupiga ogani asiyoijua, yenye safu za vibonye nyingi zaidi au chache, na swichi za sauti zilizopangwa kwa namna nyingine. Akijizoeza kwa saa moja tu, anakuwa tayari. Hakuna saa moja inayotosha kukariri upya mahali pa kila kibonye. Anachofanya ni kuuzoesha mwili vipimo vya chombo kile, na mwili uliokwisha kuelewa muziki unavipokea upesi. Mmoja alikuwa na chombo chote asiwe mpigaji. Mwingine ni mpigaji hata kwa chombo ambacho si chake.

Muziki wa dansi wa Tanzania ulilithibitisha jambo hili kwa miongo kadhaa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikaja kuchukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Katika mpango huo magitaa, amplifaya, dramu na tarumbeta vilikuwa mali ya taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipohama, na kuhamahama kulikuwa kwingi, aliviacha alivyovikuta. Kundi la wanamuziki likiondoka pamoja, mashabiki walisikia tofauti pande zote mbili: vyombo vilibaki, muziki ukaenda. Ni kweli pia kwamba bendi iliyopata vyombo vipya ilivuta wanamuziki na wachezaji, na mtu anaweza kunipinga kwa hilo. Lakini tutazame walichokifuata. Mpiga besi aliyehamia kwenye vyombo vipya hakwenda kutafuta uwezo, kwa sababu uwezo ndio uliofanya aitwe. Alikwenda asikike ukumbini, juu ya tarumbeta na mamia ya miguu ya watu wanaocheza. Kusikika ni haja halali ya anayefanya kazi. Siyo haja ya anayejifunza, na kuchanganya hizo mbili ndiko kunakowatia vijana madeni.

Sasa niwageukie wanaosema chombo si kitu. Usemi huo unapendeza, una sura ya unyenyekevu, na aghalabu husemwa na watu ambao tayari wana chombo kizuri. Chukua besi ya bei ndogo iliyotoka sandukuni bila kuguswa na fundi. Nyuzi ziko juu mno ya shingo, kiasi kwamba kuubana uzi kunauvuta, na kuuvuta kunaipandisha noti. Daraja halijapimwa, kwa hiyo hata gitaa likityuniwa sawasawa uzi ukiwa wazi, kadiri mkono unavyopanda shingoni ndivyo noti zinavyozidi kupotoka. Katika pwani yetu unyevu unaipinda shingo ya mbao na chumvi ya hewani inazitia nyuzi kutu, na uzi wenye kutu hautetemi sawasawa. Mwanafunzi anabana mahali panapotakiwa, kwa nguvu inayotakiwa, na anasikia noti mbaya. Atafanya nini? Ama atajifunza kuivumilia noti mbaya mpaka sikio lizoee, ama ataamini hana kipaji na kuacha. Huyo wa pili ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu sikio lake ndilo lililokuwa sahihi, na chombo kikamshawishi asiliamini. Kumfanya mtu aitilie shaka hukumu yake iliyo sawa ni dhuluma, hata kama aliyedhulumu ni kipande cha mti na chuma.

Na gharama ya dawa yake, mara nyingi, haikaribii kabisa bei ya gitaa jipya. Ndani ya shingo ya besi nyingi mna chuma kirefu kinachoweza kukazwa au kulegezwa ili kuinyoosha. Kwenye daraja kila uzi una kiti chake kinachosogezwa mbele au nyuma kwa bisibisi. Jaribio lenyewe ni jepesi. Gusa uzi bila kuubana juu ya freti ya 12, yaani chuma cha 12 kinachokatiza shingo, uupige, usikie sauti yake nyembamba ya kengele. Kisha ubane palepale na upige tena. Noti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Zikitofautiana, gitaa linasema uongo, na unajua sasa ni nani wa kulaumiwa. Programu ya kutyuni inapatikana bure kwenye simu na itakuonyesha hata tofauti ndogo. Nyuzi mpya na fundi anayejua kazi yake hulifanya gitaa la bei ya chini liwe na ukweli kuliko la kifahari lililonunuliwa kwa kutazamwa. Kwa hiyo kile ninachokiita haki ya mwanafunzi hakihitaji utajiri. Kinahitaji uangalifu, na uangalifu ndio unaokosekana, kwa kuwa hakuna anayeuweka dirishani kuuuza.

Upo uongo wa namna ya pili, nao ni mtamu. Wa kwanza humwambia aliyepatia kwamba amekosea. Huu humwambia aliyekosea kwamba amepatia. Uzi mnene zaidi wa besi ya nyuzi nne, ukiwa wazi, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu unaozidi mita nane. Chumba cha kupanga hakina hata nusu ya urefu huo. Sauti inaporudi kutoka ukutani inajikuta yenyewe, noti moja inavuma pembeni mwa chumba na nyingine inamezwa katikati. Tena wanasayansi Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza sauti nzito kabla ya zile za kati. Mwanafunzi anayepiga kwa sauti ndogo usiku asiwasumbue majirani anasikia besi yake imekonda, na anahitimisha kwamba amplifaya ni ndogo. Hajapungukiwa wati hata moja. Amekutana na maumbile ya sikio na vipimo vya chumba. Akinunua amplifaya kubwa, atapata mtikisiko kifuani, na mtikisiko una tabia ya kufunika. Hali kadhalika pedali. Iko pedali inayosawazisha noti zilizopigwa kwa nguvu na zilizopigwa kwa ulegevu, ambayo wafanyakazi wa studio wanaitumia kwa sababu nzuri, lakini ikiwekwa mbele ya anayeanza inamfichia hasa kile alichokuja kujifunza, yaani vidole vyenye nguvu sawa. Mwangwi unaficha pale noti inapokoma. Na katika besi kukoma kwa noti ni kazi nzito kama kuanza kwake, maana ule ukimya mfupi kabla ya pigo linalofuata ndio unaowafanya watu wainue mguu. Hedifoni za kawaida zilizounganishwa na besi kupitia amplifaya ndogo bila pambo lolote, pamoja na metronomu, zinasema kweli kuliko spika ya kutikisa nyumba.

Msomaji mkali ataniuliza hapa kuhusu freti. Vyuma vile vinavyokatiza shingo ndivyo vilivyoipa Precision jina lake, kwa sababu humhakikishia mpigaji noti sahihi hata kama kidole hakikutua pahali halisi. Je, huo nao si uongo mtamu? Mpiga besi wa taarabu katika vikundi vya Unguja kama Culture Musical Club husimama na besi kubwa ya mti isiyo na freti, na kila noti anaitafuta kwa sikio, kandokando ya udi, kanuni na fidla, vyombo vyenye uhuru wa kupita katikati ya noti ambazo freti inazilazimisha. Akikosa, amekosa, na kila mtu anajua. Nakubali kwamba chombo chake kina ukweli ambao gitaa la freti halina. Lakini sidai chombo kiseme kila ukweli kwa wakati mmoja. Nadai kisidanganye katika kile mtu anachojifunza kwa wakati huo. Freti inajitangaza wazi, mwanafunzi anaiona na anajua imemsaidia wapi. Kisha inamwacha peke yake mbele ya ukweli mgumu zaidi, ambao ni wakati. Hakuna freti inayomwambia apige lini. Mpiga besi Jaco Pastorius alikuwa na gitaa la Jazz Bass la mwaka 1962 ambalo lilibaki bila freti, mianya yake ikazibwa na ubao ukapakwa gundi ngumu, na katika albamu yake ya 1976 alionyesha kwamba freti alizoziacha, sikio lake lilishazipita. Hatua hiyo ni halali kwa yule ambaye sikio lake limefika. Anayeondoa freti ili afanane na Jaco ananunua sura yake tu.

Kisa cha kale kinachonisaidia zaidi kuliko mjadala wowote wa wanamuziki ni kile cha Daudi na Sauli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Mfalme anamvika kijana mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na deraya, na Daudi anajifunga upanga. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anavivua, kwa maana hakuwahi kuvijaribu. Wahubiri wengi husimulia kana kwamba alikwenda mikono mitupu akitegemea imani, na wale wanaosema chombo si kitu hukipenda kisa hicho kwa sababu hiyo. Lakini Daudi hakwenda mikono mitupu. Alichukua fimbo, teo, na mawe laini matano aliyoyachagua kijitoni. Kuchagua mawe laini ni uteuzi wa vyombo wa hali ya juu, wa mtu anayejua jiwe lenye kingo hupotoka hewani. Alichokikataa si ubora. Alikataa chombo ambacho kisingemwambia ukweli kuhusu mwili wake mwenyewe, na akashika kile ambacho kilikuwa kimemkosoa siku nyingi malishoni. Deraya ya Sauli ilikuwa ghali na ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa Sauli.

Kinachobaki ni pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote: mbona mabingwa wenyewe wameshikamana na vyombo fulani? Tumtazame James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown mjini Detroit. Alianza na besi kubwa ya mti akiwa shuleni, kisha akapata Precision ya mwaka 1962 iliyokuja kujulikana kwa jina la utani, na akaitumia kwa nyuzi nene laini ambazo hakuzibadilisha isipokuwa zilipokatika, akipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Mtu akisikia hayo anatafuta gitaa la mwaka huo na nyuzi za aina hiyo. Lakini soma upya ushahidi huo. Mtu asiyebadilisha nyuzi ni kinyume kabisa cha mnunuzi. Thamani ya chombo kile kwake ilitokana na kukaa nacho, mpaka kila tofauti aliyoisikia ilikuwa tofauti ya kidole chake, kwa kuwa hakuna kingine kilichobadilika. Ndivyo chombo kinavyokuwa shahidi wa kuaminika: kwa kutobadilika, ili abadilike mpigaji. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu umbo lake lililolingana pande zote halikumfanya yeye mwenye mashoto aonekane amelishika kinyume. Sababu za kawaida kabisa. Iliibwa mwaka 1972 na ikarudi baada ya zaidi ya miaka 50, na katika muda wote huo hakuacha kuwa mpiga besi. Watu huabudu gitaa kwa sababu ya miaka iliyokaa mikononi mwa mtu, halafu hutaka kuinunua miaka hiyo.

Hapo ndipo swali linapokuwa la moyo. Agostino, mtu wa Afrika Kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo, aliandika kwamba vitu vingine ni vya kufurahiwa kwa ajili yake vyenyewe na vingine ni vya kutumiwa ili kufika kwenye hivyo vya kufurahiwa. Alitoa mfano wa msafiri anayerudi nyumbani ambaye uzuri wa safari na raha ya chombo kinachombeba vinamteka mpaka hataki tena safari iishe, akaisahau nyumba. Sijui maelezo bora zaidi ya mtu anayejua bei ya kila besi mtandaoni na hajui kupiga ngazi moja ya noti kwa mapigo sawa. Al-Ghazali naye, mwanachuoni wa Kiislamu, katika kitabu chake Ihya, anapojadili ufakiri na zuhudi, anaweka juu ya aliyekimbia mali daraja la yule ambaye kuwa nayo na kutokuwa nayo ni mamoja kwake. Nalipenda wazo hilo kwa sababu halimsifu maskini kwa umaskini wake wala halimlaani mwenye nacho. Linauliza tu moyo umefungwa wapi. Kitabu hichohicho kinazungumzia ria, kutenda ili uonekane, na kinahesabu mavazi na sura miongoni mwa njia zake. Gitaa linaloning'inia begani mbele ya kusanyiko ni sehemu ya mavazi. Besi ina jambo la pekee hapa, kwa kuwa kazi yake kwa kawaida haionekani: wengi wanaocheza hawajui kwamba ni besi inayowachezesha, na Jamerson alipiga miaka kadhaa bila jina lake kuandikwa kwenye santuri, mpaka albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Anayeingia katika kazi ya namna hiyo akiwa na njaa ya kuonekana atakuwa na kila sababu ya kuishibisha njaa yake kwa rangi ya gitaa, kwa kuwa noti zenyewe hazitamshibisha.

Mtu anaweza kusema nimekuwa mkali kupita kiasi, kwamba uzuri nao ni neema, na kwamba mbao iliyochongwa kwa mapenzi inamvuta mtu akae nayo saa nyingi zaidi. Ni kweli, na siupingi uzuri. Mwenye uwezo anunue kitu kizuri na amshukuru Mungu na fundi. Ninachomwomba ni aseme amenunua uzuri, asijidanganye kwamba amenunua uwezo, maana uongo huo una gharama: siku uwezo usipokuja atadhani uzuri haukutosha, na atarudi dukani. Mwingine husema kulipa ghali kunamfunga mtu, hataacha kwa sababu ameshatoa pesa. Kinachomfunga ni aibu ya hasara, na aibu haimfundishi mtu kusikiliza. Humfanya aogope kulishika lile gitaa kwa kuwa kila akilishika linamkumbusha deni. Na kwa wale watakaosema ni rahisi kumhubiria kijana maskini aridhike na kibovu, jibu langu ni kwamba hoja hii inakataa asilazimishwe kuridhika nacho. Inamdai anayempa besi mbovu, iwe ni ndugu, kanisa au bendi, kwamba hajampa kitu mpaka ailipie matengenezo.

Tazama basi hali ya kwaya nyingi zetu, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki hukutana na besi kwa mara ya kwanza. Gitaa ni moja, la kanisa, na wanaojifunza ni kadhaa, wakipokezana baada ya ibada. Mpango huo ni mzuri kuliko wanavyoudhani wanaouonea haya. Unafanana na ule wa bendi za zamani, ambako chombo kilikuwa cha wote na uwezo ulikuwa wa kila mmoja, na unamkinga kijana na ule udanganyifu kwamba besi ni yeye. Pia unampa masikio ya wenzake, jambo ambalo hakuna duka linaloliuza. Lakini fedha za kwaya hukusanywa kwa spika za ukumbini, vipaza sauti na sare, vitu vinavyosikika na kuonekana Jumapili, huku lile gitaa moja likikaa na nyuzi zilezile zenye kutu, shingo imepinda tangu masika iliyopita, na tundu la waya linalokwaruza kila mpigaji anaposogea. Kamati ya muziki inayojadili ununuzi ingeanza hapo. Seti ya nyuzi, siku moja ya fundi, hedifoni mbili ili anayejifunza na anayemfundisha wasikie kitu kimoja, na ratiba ukutani ya nani anashika gitaa lini. Vikiisha hivyo, ndipo wahesabu kilichobaki na kuzungumzia spika.